Vijiwe Saba vya Mkunga

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza pale Voi, katika miaka ya hamsini, sikuwa na usingizi wala hamu ya kula. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya barabara, lakini kila akinyamaza nilimwekea kiganja puani nisikie kama anapumua. Akipumua, nilimwamsha nihakikishe. Mama mkwe alisema ni jicho la watu, akafukiza ubani hadi sote tukakohoa. Mume wangu, fundi wa reli, alisema nitazoea. Nilitamani kumrushia sufuria. Ningezoea vipi, nami nilikuwa na hakika mtoto atanifia mikononi kabla ya arobaini?

Kisha kulikuwa na mkunga aliyenizalisha. Alikuwa mama mtu mzima mwenye asili ya pwani, mfupi, na ulimi wake pilipili. Siku ya saba alikuja na uteo wa mchele, akaniwekea mapajani, akaniambia nimchagulie huku yeye akimkanda mtoto. Nilinuna. Mzazi bado nina maumivu, huyu ananipa kazi! Lakini nani angebishana naye? Nilichagua, nikarudia, nikarudia tena, vijiwe nikavikusanya kwenye pembe ya leso.

Akavihesabu. "Mwanangu, mimi nilitia saba. Hivi ishirini na vitatu vingine umevizaa wewe?"

Nikatazama vizuri. Nilikuwa nimetoa chuya, chenga, hata punje nzima zenye doa dogo tu.

Kumbe uteo ule alimpa kila mzazi. Anayeleta saba, moyo umetulia. Anayeleta viwili vitatu, mawazo yake yako mbali, asiachwe peke yake. "Na anayeleta thelathini," akasema, "ameingiwa na hofu. Kila kitu kwake ni jiwe." Hakujua kusoma wala kuandika, lakini mpaka leo sijaona mtu wa kupima moyo wa mzazi kwa ustadi ule. Nililia kwa kwikwi. Wote waliokuja walimtazama mtoto. Yeye alinitazama mimi.

Akatoa amri. Mama mkwe amshike mtoto kila mchana, nami nilale chumba cha pili. Dada yangu akaitwa ashuke kutoka Werugha anipikie uji na kunipigisha gumzo. Kila wiki uteo ulirudi, nami nikaleta ishirini, kisha kumi na viwili, kisha tisa.

Siku ya arobaini nilichagua mara moja tu, taratibu. Mtoto alikuwa kalala kando yangu, kimya kabisa. Sikumgusa. Nikamrudishia mkunga uteo wake, leso haina kitu.

"Bibi, humu hamna jiwe."

"Una hakika? Hebu rudia."

"Sirudii. Hamna."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya buibui.

"Hata mimi leo sikutia," akasema.