Daraja Lililoimba Kwenye Njia ya Ndagoni

Nilifundisha Ndagoni miaka ile hifadhi ya bahari ilipokuwa bado jambo jipya kisiwani Mafia. Kukata mikoko ovyo kulikuwa kumekatazwa. Kwa hiyo daraja dogo la njia ya Kilindoni lilipooza, kijiji kilimwomba fundi wa mashua alitengeneze kwa mbao zozote alizonazo. Akabomoa mashua yake kuukuu.

Jioni moja nikitoka shule nilimkuta ameinama pale, anagonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo na kutega sikio. Huu aliuweka, ule aliutoa, mwingine aliuchonga kidogo upande wa chini.

"Shikamoo, fundi. Mbao mbovu?"

"Marahaba, mwalimu. Nzima. Nazipanga tu."

Alizipanga siku tatu. Watu wakasema uzee umemwingia.

Alikuwa mjane. Alimlea mwenyewe binti yake wa pekee. Mtoto alilala juu ya vumbi la mbao huku baba akiziba nyufa za mashua na kumwimbia. Nilimfundisha binti huyo, na mwezi ule alikuwa anaolewa Kilindoni.

Siku ya harusi nilibanana na bibi harusi kiti cha mbele cha pikapu, wanawake wamejaa nyuma. Kabla hatujaondoka, fundi aliinama dirishani kwa dereva.

"Darajani usikimbie, wala usitambae. Mwendo wa baiskeli."

Tulidhani anazihurumia mbao zake.

Bibi harusi alilia njia nzima, uso ndani ya kanga. Tulipofika darajani, tairi likagusa ubao wa kwanza, ukalia kwa sauti nyembamba. Wa pili ukaitikia kwa sauti nzito. Ukafuata wa tatu, na wa nne. Binti akainua kichwa.

"Huo wimbo wa baba," alisema. "Ndio alionibembelezea." Akanishika mkono kwa nguvu. "Dereva, rudi nyuma! Pita tena!"

Dereva akarudi kinyumenyume, na wimbo nao ukarudi kinyumenyume, umevurugika vibaya. Wanawake walicheka hadi kanga zikawadondoka. Tulipita mara tatu, na mara ya tatu wote walipiga makofi kwa mapigo ya mbao. Tulifika Kilindoni tumechelewa, wakwe wamenuna, lakini bibi harusi alishuka garini anatabasamu.

Kwa misimu miwili kila gari lililopita lilitutumia vipande vya wimbo ule hadi darasani. Kisha mvua ikalegeza misumari, mbao zikaanza kupiga kelele tu, na mwishowe likaja karavati la zege. Fundi alizikusanya mbao zake akajengea banda la kuku.

Nilimuuliza kama hasikitiki.

"Nisikitike nini, mwalimu? Mwanangu alisikia."

Mimi nilisikitika. Hata baada ya kuhamishiwa bara, kila nilipovuka daraja nilijikuta nasikiliza.