Zulia la Mama Mkwe Juu ya Lami

Normande Lapointe alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo aliimalizia kambini akiwapikia wakata magogo. Mwanamke aliyelisha wanaume arobaini wenye njaa kila siku hatishwi na mashine. Alipofiwa na mumewe alinunua pikipiki ya theluji, akaulaza mkanda wake mpana wa mpira, ule unaozunguka chini na kuisukuma mashine, katikati ya gereji, akautoboa na kuufungia njumu mia moja arobaini na nne, meno mafupi ya chuma, kwa mkono wake, ili asiteleze kwenye barafu ya Ziwa Saint-Jean.

Kufikia Januari kulikuwa na jambo linalomkera. Njumu za kushoto zilikuwa zimelika, butu kama magego ya mzee, na za kulia bado kali. Akainua mashine nyuma, akauzungusha mkanda polepole, haukuvuta upande. Akapima kama umelegea, haukulegea. Akakaza nati zote upya. Baada ya wiki mbili, kushoto kulikuwa kumezidi kulika.

Jibu lilimjia akiosha vyombo, macho dirishani. Kati ya uwanja wake na ziwa ilipita barabara, na magari ya kusafisha theluji yalikuwa yameikwangua mpaka lami ikabaki tupu. Kila asubuhi alikatia kona ya kushoto pale pale. Mikwaruzo ilionekana wazi, kana kwamba mtu alipita na uma.

Kesho yake alitoka na zulia refu la korido, la mawaridi mekundu, mali ya marehemu mama mkwe wake Eudoxie. Akalitandaza kuvuka barabara, akapita juu yake taratibu bila kukata kona, akashuka, akalikunja. Dereva wa lori la maziwa alifungua dirisha.

"Mama, unamsubiri malkia?"

"Nakusubiri wewe uzime injini. Unanijazia moshi."

Habari zikamfikia Ghislain, mdogo wa marehemu mumewe. Akaja kabla ya chakula cha mchana na pikipiki yake ya theluji, nayo ina njumu, kanuna.

"Shemeji, lile si zulia la mama?"

"Ndilo."

"Mama hakuturuhusu kulikanyaga hata na soksi."

"Mimi silikanyagi. Nalipita juu na mashine."

"Kwa ajili ya njumu? Njumu ni chuma, shemeji. Chuma hakiumwi."

"Kikisuguana na lami kinalika. Kinapinda. Halafu mkanda wako umelegea, nausikia toka jikoni unavyopigapiga."

"Huo ni mlio wa nguvu."

Akaondoka kwa kishindo juu ya lami makusudi, cheche zikiruka nyuma yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Jumamosi Normande alikuwa ziwani akielekea kwenye kibanda chake cha kuvulia, akaona juu ya barafu mstari wa maji ya rangi ya waridi. Maji ya rejeta. Akaufuata karibu kilomita mbili, ukizidi kuwa mwembamba, mpaka akamkuta Ghislain ameketi juu ya mashine iliyozimika, amepakata pai ya nyama iliyoganda kama tofali.

"Napumzika," alisema.

"Naona."

Normande akalala kifudifudi akachungulia. Mkanda ulikuwa umerukaruka kwa kulegea, na njumu zilizopinda zimelichana bati lililo juu ya mkanda mpaka zikaitoboa rejeta. Akainuka, akaanza kukunjua kamba.

"Sawa," alisema Ghislain. "Haukuwa mlio wa nguvu."

Normande akamvuta kwa kamba hadi barabarani, akatandaza zulia kama kawaida. Yeye akapita salama. Ya Ghislain ilipofuata, zile njumu zilizopinda kama ndoana zikalidaka zulia na kulivuta ndani, waridi moja baada ya jingine, mpaka mkanda ukagoma katikati ya lami. Lori la maziwa lilifika, na dereva akazima injini bila kuambiwa.

Shemeji wawili wakaketi barabarani na mikasi ya jikoni, wanakata. Ghislain alishika kipande cha waridi, macho yakamlowa.

"Alinichapa kwa sababu ya tone moja la supu," alisema.

"Mimi alininunia miaka sita. Niliingia na viatu siku ya harusi."

"Nilidhani alikupenda."

"Alianza kunipenda macho yalipofifia."

Ghislain akacheka mpaka ikabidi aweke mikasi chini.

Matengenezo yalichukua wiki nzima. Rejeta ilibadilishwa, bati likawekewa vyuma vya kinga. Normande hakushika spana; alikaa kwenye kiti, Ghislain chali sakafuni, aking'oa njumu mbovu na kufunga mpya.

"Kaza robo mzunguko, shemeji. Robo. Hiyo ni nusu."

Badala ya zulia, Ghislain alileta kipande kirefu cha mpira mzito kilichotupwa na kiwanda cha mbao. Kilikuwa kizito kiasi kwamba kukitandaza kulihitaji watu wawili, basi ikabidi aje kila asubuhi, na akija anakunywa kahawa, na akinywa anaongea. Hilo Normande hakuwa amelipigia hesabu.

Na mada ni moja tu: mikanda. Mtu yeyote ambaye mkanda wake umelegea alikiona. Jumapili iliyopita Ghislain alimsimamisha padri mlangoni mwa kanisa, akamweleza kwamba pikipiki yake padri ya theluji inavuta kulia na njumu zitalika upande. Padri akamwomba radhi. Normande alijifanya anatafuta glovu zake. Yeye alikuwa ameliona hilo tangu Desemba, ila aliona haya kumwambia padri.