Kiti Changu Katika Ile DX

Mimi naitwa Rael, lakini hapa Rodi Kopany watu wananiita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa. Shule niliacha kabla sijajua kugawanya. Jina langu naweza kuandika, na namba za gari naweza kusoma. Haya mengine nayaandika polepole. Anayetaka kucheka herufi zangu acheke, lakini asiseme niliandikiwa.

Kuendesha gari nilifundishwa na mume wangu Maranga, tena kwa hasira. Alikuwa na pikapu ya kubeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Kisegi mpaka Rodi. Akaugua mgongo, na kila dereva aliyemwajiri alikuwa anaiba mafuta. Siku moja akanirushia ufunguo. "Wewe unabishana na mimi kila siku. Haya, bishana na hiyo." Nikabishana nayo mpaka ikanitii. Ile barabara ya mawe nimeipita na magunia hadi juu, mvua na jua, na sijawahi kulala mtaroni.

Maranga alipofariki aliacha wake wawili, mimi na Bathsheba, na Corolla moja, ile ya kizamani tunayoita DX, ambayo ilikufa kabla yake. Wazee wa boma walikubali iwe yangu. Hakuna aliyeitaka. Kuku walikuwa wanatagia ndani.

Tangu siku hiyo watu walikuwa wananikalisha. Kaa hapa, mama. Pumzika, mama. Hata kanisani naletewa kiti kabla sijasalimia mtu. Mimi si mgonjwa. Nilikuwa nataka watu wanione mara moja tena nikiwa na usukani mkononi, basi.

Zablon ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea mimi, akajifunza ufundi, na leo ana gereji Suna, pale Migori. Ndiye aliyeleta habari. Watu wa huko walikuwa wanaandaa mbio za magari makuukuu kwenye uwanja mkavu nje ya mji. Gari zuri haliruhusiwi. Unaleta kikongwe chako, unakifunga kamba pale panapoachia, kinakimbia na wenzake kuzunguka matairi yaliyopangwa chini, na mshindi anapewa mbuzi.

"Mama, tuifufue DX," akasema.

"Na nani ataendesha?"

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha. "Ni wewe, mama. Nani mwingine?"

Aliyasema hayo kwa mdomo wake, nyumbani kwangu, akila ugali wangu.

Tukaivuta DX mpaka Suna. Tulitoa manyoya ya kuku, tukatoa viti vya nyuma na vioo vya milango. Zablon akachomelea mabomba ya kibanda kilichobomolewa sokoni, yakawa mbavu za kuzuia paa lisituangukie. Boneti tuliifunga kwa mpira wa tyubu. Nikamwambia aweke gunia la mchanga nyuma, maana DX ikiwa tupu inarusha matako kwenye kona. Akaweka. Miguu yangu ni mifupi, kwa hivyo alifunga kipande cha mti kwa waya juu ya kila pedali. Mlangoni niliandika mwenyewe kwa brashi, RAEL. Ile L iliinama. Zablon akasema anaweza kuinyoosha, nikamwambia aiache hivyo.

Siku ya kuijaribu, vijana wa pale walijipanga kando ya ua. Maurice, mtoto wa Bathsheba, alikuwepo pia. Yeye anaendesha lori la mchanga.

"Dana," kijana mmoja akaniita, yaani nyanya kwa Kijaluo, "hii si gari ya kwenda kliniki."

"Kliniki utaenda wewe ukisimama hapo mbele."

Nikatia gia. Walitawanyika kama vifaranga, halafu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilicheka nao. Zablon hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani anasikiliza injini. Maurice akaja dirishani. "Mama mkubwa, mzee angekuona leo angefurahi." Nilimnunulia soda.

Sasa, katika boma la Kijaluo kuna jambo ambalo mchungaji wangu wa Kisabato amelihubiri mpaka sauti imekauka. Mke wa kwanza, tunayemwita mikayi, na kwetu ni mimi, ndiye anayeanza kupanda. Mpaka atie mbegu yake ardhini, hakuna mwingine nyumbani anayeruhusiwa kupanda. Anayemruka ameita mkosi. Mimi kila Sabato niko kanisani, lakini haki hiyo siiachi, na kila mtu anajua siiachi. Hapo ndipo waliponishika.

Mbio zilikuwa Jumapili, mwezi wa tatu. Nililala kwa Zablon. Alfajiri simu ikalia, alikuwa Bathsheba.

"Nyieka," akasema, ndivyo wake wenza tunavyoitana, "huku mvua imenyesha usiku kucha. Ng'ombe wamefungwa nira tayari, na mwenye plau anaitaka mchana. Unakuja kuanza, ama nitupe mbegu?"

"Ukitupa kabla yangu, utavuna mawe."

"Basi njoo. Nimekaa hapa mpakani na kikapu."

Nikamtazama Zablon.

"Zamu yetu ni alasiri, mama," akasema. "Nenda utupe mbegu, urudi. DX itakungoja." Akanitafutia pikipiki ya kunifikisha stendi, yeye mwenyewe, akaniombea safari njema.

Matatu ilipopita Rongo nilikuwa naangalia nje, naona vumbi tu. Nikajiambia labda mvua siku hizi inachagua maboma. Nilipofika nyumbani, shamba lilikuwa jeupe, limepasuka. Ng'ombe walikuwa wamelala wanacheua. Nira iliegemezwa kwenye ghala. Nyumba ya Bathsheba ilikuwa na kufuli.

Jirani yangu Edinah akapita na kuni. "Nyar Kisegi, si uko Migori? Mwenzako ametoka asubuhi na kitambaa kipya kichwani. Anasema anaenda kumwona mtoto wake akiendesha."

"Akiendesha nini?"

"Gari ya Maranga."

Hata sikuingia kwangu kunywa maji. Nikageuka.

Pale uwanjani niliisikia DX kabla sijaiona. Sauti yake naijua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Ikazunguka kona ya mwisho, nyuma imetulia vizuri juu ya mchanga niliousema mimi, na ndani kichwa cha Maurice. Ikapita wa kwanza. Mtu wa kipaza sauti akatangaza Maurice wa Maranga. Bathsheba alikuwa anapiga vigelegele. Aliponiona, vikamwishia mdomoni.

Nikatazama mlango. Jina langu lilikuwa limefunikwa matope. Uwanja wote ulikuwa mkavu, hakuna hata tone, lakini mlango ulikuwa na matope, na alama za vidole zilionekana. Kando, kwenye nyasi, vilikuwa vipande vyangu viwili vya mti, waya bado umening'inia. Nikainama nikaviokota.

Zablon akaja akifuta mikono.

"Mama, tumeshinda."

"Mvua ilinyesha, Zablon?"

Akaangalia viatu. "Vijana walikuwa wanacheka, mama. Gereji inaishi kwa jina. Nilitaka tushinde."

"Na mimi ningeshindwa?"

Akanyamaza. Uongo wa mvua ningeweza kuumeza siku moja. Kule kunyamaza bado kumenikwama hapa.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Sasa mama, ningefanya nini?"

Maurice alikuja akimvuta mbuzi. "Mama mkubwa, huyu ni wako."

"Mbuzi sikumwomba. Lete ufunguo."

Akanipa. Nikafunga vipande vyangu kwenye pedali kwa mikono yangu. Nikaendesha mpaka Rodi. Hakuna aliyenipungia, na mimi sikugeuka nyuma. Yale matope sijayaosha.

Mvua ya kweli imekuja. Majirani wamepanda, mahindi ya Edinah yameanza kutoka. Kwetu hakuna jembe lililogusa udongo. Mbegu zangu ziko kwenye kibuyu chini ya kitanda.

Bathsheba huja kila asubuhi na chai, anakaa mlangoni. "Nyieka, udongo utakauka."

"Si mvua ilinyesha siku nyingi? Ulinipigia simu."

Mchungaji naye amekuja. Akasema hayo ni mambo ya giza. Nikamwambia, sawa, mwambie Bathsheba apande, mimi simzuii. Akamtazama Bathsheba. Bathsheba akatazama chini. Zablon hupiga simu, naiacha ilie mpaka ichoke.

Najua shamba hilo ndilo linalonilisha hata mimi. Njaa ikija itanikuta hapa, kwenye kiti. Si walitaka nikae? Nimekaa.