Ulijikwaa kwa Mguu Gani?

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Butembo hakuna aliyeanza safari bila kuisikiliza miguu yake. Ukitoka ukajikwaa, unasimama palepale na kujiuliza ni mguu gani. Ukiwa wa kulia, endelea, kuna chakula au habari njema inayokungoja mbele. Ukiwa wa kushoto, rudi nyumbani, keti kitandani, unywe maji, kisha uone kama bado una haja ya kwenda. Mara nyingi mtu akishaketi haja yenyewe inaisha, na mipango mingi ya ukoo wetu iliishia kitandani kwa namna hiyo.

Aliyetunza sheria hizi alikuwa Kaka. Ndivyo sisi Wanande tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Alitufundisha kwamba miguu ya watu haifanani. Yote inategemea kifungua mimba wa mama yako. Kama mama alianza na mtoto wa kiume, heri yenu nyote mliofuata iko mguu wa kulia. Kama alianza na wa kike, heri yenu iko kushoto. Kwetu mkubwa alikuwa ndugu yangu Muhindo, mvulana mwenye ndevu tatu na maneno machache, kwa hiyo mguu wetu wa kushoto ulikuwa wa kuogopwa. Sikuwahi kulihoji jambo hilo, nami ni mtu wa kushuku kila kitu. Mtu akinipongeza upesi mno, mpaka leo namtazama mara mbili.

Mwaka niliomaliza shule ya msingi, redio moja ya mjini ilitafuta watoto wa kusoma katika kipindi chao cha Jumamosi. Mtangazaji wake tulimwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, kama watoto wote wa mji. Likizo ile yote aliwapokea watoto Jumamosi mchana, anawasikiliza, anachagua. Nilikuwa nasoma masomo kwenye misa ya watoto, na watu walisema sauti yangu inafika mpaka milango ya nyuma. Lakini sikutaka redio kwa ajili ya sifa za kanisani. Nilitaka baba anisikie. Baba alikuwa dereva wa lori, anapakia viazi Alimbongo na maharagwe Kirumba, tunamwona siku mbili anapotea wiki mbili. Ndani ya lori alikuwa na redio. Aliniambia, "Siku utasoma, nitasimamisha gari. Hata mu kilima nitaisimamisha." Nililala na maneno hayo usiku mwingi.

Jumamosi ya kwanza mama alinisuka, akanivalisha gauni la misa na viatu vya mikanda vilivyo wazi vidoleni. Njia yetu ilishuka kupita mlango wa Mama Zaina, mfanyabiashara Mwislamu kutoka Beni aliyeuza vitenge kwenye baraza yake. Bintiye, Zaina, alikuwa wa umri wangu na tulisoma darasa moja. Nilipokaribia, Mama Zaina aliinua uso akasema kwa furaha:

"Unaenda wapi, mama, na kupendeza hivi?"

Kwetu mtu anayetoka haulizwi anakokwenda. Ni kumfungia njia. Nilifungua mdomo nijibu, na hapohapo mguu wangu wa kushoto ukagonga kitu, nikapiga magoti mbele yake. Nilirudi nyumbani nikilia. Kaka alitoka jikoni, akauliza swali lake moja, "Ulijikwala na muguu gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaniletea maji.

Jumamosi iliyofuata niliamua kutomtazama Mama Zaina. Hakuuliza kitu safari hii, alinisalimia tu. Mguu ukagonga tena, wa kushoto, karibu mahali palepale, na ukucha wa kidole gumba ukapasuka. Nilirudi tena, nikaulizwa tena, nikaketishwa tena.

Jioni ile nyumba yetu iligeuka mahakama. Tantine Kavira, mdogo wake mama, aliyekaa kwetu na aliyekuwa na jibu la kila jambo, alisema huku akipepeta maharagwe:

"Ya kwanza tuseme ni ajali. Lakini ya pili? Pale kuko mutu."

"Mutu gani?" mama akauliza, ingawa alijua.

"Zaina haiendake kule ku redio? Mama yake anataka nani achaguliwe, mutoto wake ao wako?"

Kweli Zaina alikuwa akienda. Hilo lilitosha. Kila kitu alichowahi kufanya Mama Zaina kilitolewa nje na kuchunguzwa upya: namna alivyonisifu siku ya ubatizo wa mdogo wangu, namna alivyonipima gauni kwa mikono yake, kwa nini baraza yake inatazama njia yetu na si barabara. Nilikatazwa kucheza na Zaina. Siku ya Idi walituletea sahani ya wali na nyama, imefunikwa kitambaa safi. Mama aliipokea, akashukuru, akaenda kuimwaga nyuma ya jiko. Harufu ya iliki ilibaki pale mpaka jioni. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na hofu, na sikumbuki ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Muhindo peke yake alikwenda kuangalia njia. Alichuchumaa mbele ya ile baraza, akapitisha kiganja juu ya udongo, akarudi akisema, "Hapa jiwe haiko, hata moya."

"Njo vile nilisema!" Tantine akadakia. "Kama jiwe haiko, basi ni kitu ingine."

Muhindo alinitazama mimi muda mrefu kidogo, halafu akaenda kuchota maji. Nilidhani ananihurumia.

Katikati ya wiki iliyofuata Tonton alitangaza kwamba Jumamosi inayokuja ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo wasomaji wake watakuwa wametimia. Nilimkuta mama akimenya viazi uani, nikaketi karibu naye, nikaanza kulia kwa hasira. Nilisema sitakwenda, kwa nini niende nikavunje mguu bure. Nikasema makosa yote ni ya Muhindo. Angezaliwa nyuma yangu, mguu wangu wa kushoto ungekuwa na heri.

Mama aliacha kumenya. Nikadhani nimemkosea.

"Muhindo haiko wa kwanza," akasema.

Sikuelewa.

"Haukujiulizaka sababu gani anaitwa Muhindo?"

Jina hilo kwetu hupewa mvulana anayezaliwa baada ya msichana. Kila Mnande anajua, nami nilijua, lakini nilikuwa nimelisikia kila siku mpaka nikawa silisikii tena. Mama akanieleza kwa maneno machache. Kabla ya Muhindo alikuwapo Masika. Aliishi muda mfupi, walimzika Lubero walipokuwa wakiishi huko, na yeye mama aliomba watu wasimtaje mbele yake. Walimtii. Alisema hayo akitazama kiazi mkononi, kisha akaendelea kumenya, na nilijua nisiulize zaidi. Nilimwonea huruma mama yangu siku ile kuliko siku yoyote.

Lakini nilikuwa mtoto, na huruma haikukaa peke yake. Usiku nilipiga hesabu kitandani. Kama Masika ndiye kifungua mimba, basi mguu wetu wa heri ni wa kushoto. Mara zote mbili heri iliniita, nami nikaipa mgongo! Nilitaka kucheka kwa sauti. Kisha likaja wazo jingine, baya. Kaka aliishi na wazazi wangu Lubero. Mtoto yule alizaliwa mikononi mwake. Kaka alijua. Kwa nini basi alinirudisha? Nililala nikiwa nimemwacha Mama Zaina na kuanza kumshuku bibi yangu mwenyewe.

Jumamosi ya mwisho nilitoka bila kumuaga Kaka. Sikumweleza mtu mwingine yeyote siri ya Masika, wala mama hakuirudia. Nilishuka njia nikiwa jasiri kabisa, karibu nitamani mguu wa kushoto ugonge kitu, nipate kufurahi. Nilipoiona baraza, nikapunguza mwendo. Nikaanza kuwaza chumba cha redio, watoto wenye Kifaransa safi kutoka katikati ya mji, na Tonton akinitazama nikiwa nimeganda. Nikawaza baba amesimamisha gari mlimani na redio haitoi kitu.

Nikajikwaa. Mguu wa kulia.

Nilisimama palepale nikiutazama. Damu kidogo ilitoka pembeni ya kidole. Kwa sheria mpya, wa kulia ndio uliokuwa wa kunirudisha, na ndio uliogonga, mahali pasipo na jiwe. Mama Zaina hakujua habari za Masika. Kama ni yeye aliyenitega, angeendelea na mguu uleule wa kushoto, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika. Tantine hakujua kama nimeambiwa. Kaka hakujua kwamba mimi najua. Mwenye habari mpya alikuwa mmoja tu pale njiani, na ndiye mwenye mguu.

Sijawahi kuogopa mtu kama nilivyojiogopa dakika ile. Nilikuwa tayari kugeuka, na naamini ningegeuka, lakini Mama Zaina alikuwa ameshasimama.

"Pole, mama. Umeumia?" Akaelekeza mkono kule chini. "Zaina iko nakungoja ku barabara. Kila Jumamosi iko nakungoja, halafu anarudia hapa bila kusoma, ananiambia haukutokea."

Kumbe swali lake la siku ya kwanza lilikuwa hilo tu: alitaka kujua kama nakwenda kule anakokwenda mwanawe, anielekeze aliko. Nikaanza kutembea, huku nikiweka nyayo polepole kama mtu anayevuka daraja la miti, kila mguu ukimwangalia mwenzake. Zaina alikuwa pale barabarani kweli, ameshika ndizi mbili. Akanipa moja, wala hakuuliza nilikuwa wapi siku zote hizo.

Sitasema nilisoma vizuri. Mbele ya kile chombo cha kupokea sauti sentensi ya kwanza ilitoka kwa sauti ya mbu. Tonton akasema, "Rudilia." Nikarudia, ikatoka kwa sauti ya mtu mgonjwa. "Rudilia tena, bila haraka." Jasho lilinitiririka mgongoni, kidole kiliuma, nami nilimchukia Tonton na redio yake. Ya tatu ilitoka. Zaina alisoma kunishinda, kila mtu alisikia, na Tonton alituchukua wote wawili. Wiki chache baadaye baba alinisikia akiwa karibu na Kirumba. Alisimamisha gari kama alivyoahidi. Akarudi akaniambia nilisoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa, kisha akageuka upande akijifuta macho.

Mama alimpelekea Mama Zaina kikapu cha viazi vya Alimbongo. Hakusema ni vya nini. Habari za ile sahani ya wali hatukumwambia kamwe, na sasa amerudi Beni na amezeeka, nami nimekaa Beni miaka mingi, nakutana naye sokoni, bado sijamwambia.

Kazi yangu leo ni kutafsiri kwenye mikutano, Kinande kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kifaransa, watu wazima wamekaa wakinisubiri nifungue mdomo. Mguu umeacha kugonga. Siku hizi asubuhi ya kazi kubwa ninapoteza funguo, au kichwa kinauma upande mmoja, au naamka nikiwa na hakika kwamba fulani ofisini amenisema vibaya. Nimezizoea mbinu zangu. Nikikosa funguo, mtu wa kwanza ninayempekua ni mimi, na mara nyingi nazikuta mahali nilipoziweka mwenyewe.

Lakini jioni ile ya redio ndiyo inayonirudia. Kaka alikuwa ameketi karibu na moto. Aliona kidole changu.

"Ulijikwala na muguu gani?"

"Wa kuume."

"Na ulienda?"

"Nilienda. Kaka, weye ulijua habari ya Masika."

Hakushtuka. "Nilimubeba na hii mikono."

"Basi sababu gani ulinirudisha?"

Alisukuma ukuni ndani, akangoja ushike moto.

"Miye njo nilikurudisha? Nilikuuliza muguu, ukaniambia. Uliingia mu nyumba na kulia, ni kweli. Lakini viatu, ulishavivula ku mulango kabla nikuulize."

Nilikasirika nikaenda kulala bila kula. Lilikuwa jibu la mtu mzima anayejisafisha, nikajiambia, na bado nalishuku. Huenda Kaka hakutaka nishuke mjini. Huenda aliniogopea barabara, au alitaka mtu wa kukaa naye jikoni mchana wa Jumamosi. Amekwishakufa na sitapata jibu jingine. Nimelichunguza lile alilonipa kwa miaka, nikitafuta mahali pa kulivunja. Viatu vile vilikuwa vya mikanda, kila kimoja na vifungo viwili vidogo vya chuma vilivyoshika kutu. Kuvifungua kulihitaji kuinama, na kulihitaji muda.