Mwitaji wa Kichemko

Wapangaji wenzangu hapa Mtoni walikuwa wakimwita Bi Hamida kichaa, na mie wiki ya kwanza nilikubaliana nao kabisa. Unakaanga maandazi yako asubuhi, mafuta yamekolea, moshi umetanda uani, mara unasikia mtu nyuma yako: "Margaretaaa!" Niliruka, andazi nusura liniunguze mkono. Kugeuka, bibi wa watu yuko kwenye kigoda chake, ananitazama ndani ya ule moshi.

"Abee, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Usiseme abee. Sema nipo."

"Haya, nipo."

"Hewala." Akatulia, akaendelea kuchambua mchele.

Nyumba ni ya mwanawe, Kondo, fundi wa fenicha pale Keko. Mie nimepanga chumba cha mbele. Kondo ni mtu mwema, kodi ikichelewa haji kugonga mlango, lakini kwa hilo la kuita alikuwa mkali. "Dada Margareta, usimjibu. Ukimjibu ndo unamchochea." Jamani! Jirani anafungulia singeli mpaka sufuria zinatikisika, hakuna anayesema kitu, ila bibi kuita jina la mtu ndo kosa. Nikaendelea kumjibu. Mie hivyo ndivyo nilivyo, ukinikataza ndo umenituma.

Kingine nilichokiona, Kondo hakuwahi kumwita mama. Anauliza, "Bibi kala?" Analeta dawa, analeta samaki, anabadilisha godoro, yote sawa. Neno mama halimtoki. Nilidhani ni mazoea ya nyumba yao, mpaka siku bibi mwenyewe aliponieleza.

Bi Hamida alizaliwa Kichemko, mji mdogo wa kusini, ukivuka Rufiji. Usijisumbue kuutafuta, umekwisha. Maji pale yalikuwa yanatoka ardhini yakiwa ya moto, yananuka yai viza, na watu waliyaamini kuliko daktari. Wajerumani walijenga birika la mawe la kuogea kwa ajili ya mabwana zao wenye baridi yabisi. Waingereza wakaezeka bati, wakakataza wenyeji kuoga mchana. Uhuru ulipofika, wazee wa mji waliingia birikani saa sita kamili, jua la utosi, na kanzu zao mwilini, wakakaa humo wakicheka hadi wake zao wakaja kuwafokea.

Halafu ikaja neema. Abdulsamad, Mwarabu mwenye duka, akafungua nyumba ya wageni, mkewe Salsabil akawa anapika halua, watu wanapanga foleni. Bendi zikawa zinatoka Dar kwenda kupiga huko. Wakubwa wakaja na vimada wao, ati wanatibu mgongo. "Mgongo, weee!" Bi Hamida alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Na wanawake waliojifungua, wakishatimiza siku arobaini, wakaletwa kutoka kila kijiji kukandwa kwa maji yale.

Ila maji yalikuwa na hila. Ule mvuke unalegeza mwili, unasinzia, unazama bila hata kupiga kelele. Ndiyo maana Kichemko hakuna aliyeoga bila mwitaji. Mwitaji anakaa ukingoni na kazi yake ni moja, kuita jina. Anaita, muogaji anajibu, "Nipo." Anangoja kidogo, anaita tena. Usipojibu, anajitosa na nguo zake anakutoa. Bi Hamida alirithi kazi hiyo kwa mama yake, Mwajuma.

"Mke wa waziri nimemwita kwa jina lake kavu," aliniambia, "na kaitika!"

Mwisho akaja mwekezaji, akajenga hoteli pale birikani. Akaweka vigae, akaweka muziki laini, akaleta meneja. Meneja akasema wageni wamekuja kutafuta utulivu, hizi kelele za kuitana basi. Waitaji wakae, watazame tu. Atakayefungua mdomo kazi hana.

Hapo bibi aliacha kuchambua mchele.

"Hija wangu alikuwa katoka arobaini," akasema. "Binti yangu, dada yake Kondo. Nikamwombea aingie wakati wageni wanakula. Nikakaa ukingoni. Mvuke mzito, simwoni. Meneja yuko barazani, anatembea. Nikasema moyoni, ngoja apite ndo niite. Akapita. Akarudi. Nikasema, ngoja apite tena." Alivuta pumzi. "Nilipoita, Margareta, hakuitika."

Bibi alijitosa, ila Kondo aliyekuja mbio ndiye aliyemtoa dada yake majini, kijana mdogo wakati huo. Kichanga kilimfuata mama yake baada ya muda mfupi. Habari zikaenea kwamba chemchemi inakula watu, wageni wakakoma, hoteli ikafungwa, Abdulsamad akang'oa mabati yake akahama. Mji mzima ukarudi pori. Kondo akamchukua mama yake akamleta Dar, maana hakuwa na mwingine wa kumtunza.

"Ananilisha," bibi alisema. "Kuniita haniiti. Mie sitaki kitu kingine duniani. Siku yangu ikifika, aniite. Yeye, siyo wewe. Nisizame kimyakimya kama mwanangu."

Nililia, sikufichi. Halafu nikapandwa na hasira, nikajifunga kanga nikaenda Keko. Nilimkuta Kondo anapiga msasa kitanda, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nikamwambia yote.

"Dada, wewe hukuwepo," akasema bila kuniangalia. "Neno moja tu lingemwokoa Hija. Moja! Kanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi."

"Na wewe unanyamaza kwa kuogopa nini?"

Akaendelea na msasa wake. Nikamwachia maandazi niliyomletea nikaondoka bila kuaga.

Masika ilipoingia bibi akashikwa na kifua. Alilazwa, akarudishwa, wakatuambia tukae naye nyumbani. Akili yake ilikuwa timamu hadi mwisho, wanaosema kichaa waje waniambie mie. Ijumaa baada ya swala tukajua ndo anaondoka. Ustaadhi Twaha alikuwa anamsomea Yasini, mie nimemshika miguu, imeshakuwa ya baridi. Kondo kasimama mlangoni, kofia mkononi, hatoki wala haingii.

Bibi akafumbua macho. Alitazama dari, akatazama mlango, akaita kwa sauti ndogo.

"Kondo."

Kondo akainamia kofia yake. Nikamtazama yule mwanaume kwa jicho ambalo Mungu anisamehe.

"Kondo."

"Nipo," akasema. Na lilipomtoka hilo, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama!"

"Nipo."

"Mama!"

"Nipo."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukitulia vile. Kondo akawa anaita, bibi anajibu, anaita, anajibu, sote tunalia, Twaha kafunga msahafu. Majibu yakaanza kuchelewa. Yakawa midomo tu. Kondo akaita tena, hata midomo haikucheza.

"Mama! Mama!" Alipaza sauti mpaka jirani akazima singeli yake. Akapanda kitandani na viatu vyake, akamkwapua, akamnyanyua juu akimtikisa, na mie nikakumbuka habari za Kichemko, za waitaji wanaojitosa na nguo zao.

"Basi, Kondo," Twaha akamshika bega. "Basi, ndugu yangu. Kakusikia."

Walimzika kesho yake, adhuhuri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na vyombo na vilio vyetu. Wanaume waliporudi, Kondo hakukaa turubaini na wenzake. Alikuja uani, tope la makaburini mpaka magotini, akakaa kwenye kile kigoda.

"Dada Margareta."

"Nipo," nikasema. Lilinitoka tu.

"Twaha kasoma talakini." Mie Mkristo, lakini kwa miaka niliyokaa Mtoni naijua, ile dua ya kaburini anapoitwa marehemu kwa jina lake na la mama yake. "Kamwita. Ewe Hamida mwana wa Mwajuma. Watu wote kimya. Kamwita mara ya pili."

"Eeh, mdogo wangu."

"Wenzangu wameinamisha vichwa wanaitikia dua. Mie nimesimama pale nasubiri ajibu."