Kukata Kabla ya Kugeuza

Mimi si mtu wa kushtukashtuka. Nimekulia mtaa wa Kaptembwo, kwa ploti yenye choo kimoja na majirani wengi, na huko ukishtukia kila kitu hutamaliza wiki. Lakini ile Jumamosi tulipokuwa mbele ya televisheni ya mama yangu, nilijikuta nimekaa sakafuni, mtu mzima na akili zangu timamu.

Wacha niseme kwanza tulikuwa tunatafuta nini. Kitinda mimba wetu, dada yangu mdogo, alifariki akiwa na miaka saba. Aliugua homa siku chache tu, mtoto akaenda. Tulimzika nyumbani, kule magharibi, tukamwekea msalaba wa mbao. Kwetu kaburi halijengewi haraka. Linaachwa mpaka udongo utulie, halafu watu wakijaliwa wanarudi na simenti. Mwaka huu tulijaliwa. Fundi wa kujenga alikuwa ameanza kazi, na kilichobaki ni taili moja ya kuwekwa upande wa kichwa, iliyochapishwa uso wa mtoto. Mama alisema jina peke yake hatakubali.

"Jina hata mbuzi anaweza kupewa," alisema. "Mimi nataka watu wamwone."

Ile picha kubwa ya mazishi, iliyokuwa ukutani, iliharibika mabati yalipovuja. Ukiitazama unaona sare ya shule, na mahali pa uso pana doa la rangi ya chai. Picha zingine zote za dada yangu zilikuwa za kamera ya kaka yetu mkubwa, na zilikuwa kwa flash disk moja tu.

Kaka yangu ni mtu mzuri. Anatengeneza mashine kiwandani, na anaamini hakuna kitu duniani ambacho hawezi kukirekebisha mradi kina swichi. Kamera yake aliinunua ikiwa kuukuu na ilikuwa na ugonjwa wake: ukitoa betri inasahau tarehe, inarudi mwaka ambao hata yenyewe ilikuwa haijatengenezwa. Na huo mwaka wa uongo inauandika kwa namba za rangi ya machungwa, hapo kwa kona ya chini, kwa kila picha. Mama alizichukia hizo namba kupita kiasi. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akimwambia kaka azitoe, na kaka anajibu, "Nitatoa, Mama."

Basi aliposikia tunatafuta picha ya kaburi, akaona sasa ndio wakati wa kumfurahisha mama. Akakaa na laptop yake, akachomeka ile flash disk. Kuna programu ambayo haishiki picha moja moja. Unaipa folda nzima, unaiambia kata hivi, geuza zile zimelala, punguza uzito, halafu unabonyeza mara moja na kwenda kunywa chai. Kaka alibonyeza, na chai akanywa kweli.

Jumamosi akaja na flash disk mfukoni, anapiga mluzi.

"Niaje, sista?"

"Poa. Umezileta?"

"Zote. Na nimezisafisha. Leo mtanishukuru."

Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kujifunga kitambaa kipya, siku ya Jumamosi, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amejitayarisha kama mtu anayepokea mgeni. Alikaa karibu na ile televisheni pana ambayo kaka alimnunulia, mikono mapajani, akasema, "Haya, baba, weka."

Picha ya kwanza ilikuwa ya ziwa. Safi, imejaa kioo chote, namba za machungwa hakuna. Mama akapiga makofi. Kaka akanitazama kwa madaha.

Ya pili ilikuwa ya Krismasi. Na hapa lazima mjue vile sisi hupigwa picha. Wakubwa wanasimama nyuma, halafu mtu anapaza sauti, "Watoto mbele! Kaeni chini!" na watoto wanakaa kwa nyasi. Kaka naye alikuwa na mazoea ya kusogea karibu sana, hata watu wakubwa wanatokea kuanzia kiunoni, na wale watoto wa mbele wanatokea nyuso tu, huko chini kabisa.

Nikawaona wakubwa. Baba marehemu na koti lake, shangazi, mama. Nikashuka na macho kutafuta watoto. Hakukuwa na watoto. Kulikuwa na nywele, na utepe mwekundu. Utepe wa dada yangu, aliokuwa akifungwa sikukuu, umekaa kwa ukingo wa chini wa kioo, na chini yake hakuna paji la uso, hakuna macho, hakuna kitu.

"Mbona mtoto amekatwa?" mama akauliza.

"Hiyo ni moja tu, Mama. Ngoja."

Akabonyeza rimoti. Harusi ya binamu: utepe. Siku ya kufunga shule: utepe. Pasaka: kipande cha utepe. Woi! Kila picha ilikuwa na wakubwa wanaocheka, na kwa kila picha mtoto wetu alikuwa amekatwa hapo hapo, kwa mstari ule ule ulionyooka. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni.

"Wewe!" Nilisikia sauti yangu na sikuijua. "Umefanya nini? Haki ya Mungu, umemfanya nini mtoto?"

Kaka alikuwa amefungua mdomo. "Namba zilikuwa chini," akasema. "Na televisheni ni pana, picha hazikuwa zinaenea. Nikasema nikate robo ya chini. Zote pamoja. Nilijaribu na ile ya ziwa, ikatoka poa."

"Zile za kwanza ziko wapi?"

Akaigeuzageuza rimoti mkononi.

"Nimekuuliza, ziko wapi?"

"Nilichagua ziandikwe juu ya zile za zamani."

Ni kama kurekodi nyimbo mpya kwa kaseti ya zamani. Nikauliza kadi ya kamera. Aliiuza na kamera. Nikauliza kompyuta ya kwanza. Iliibwa, hata mimi nilijua iliibwa. Nilimwambia kaka yangu maneno ambayo hayasemwi mbele ya mama, na mama hakunikataza. Hiyo ndiyo ilinishtua zaidi, kwa sababu mama hukataza hata neno "mjinga". Niligeuka kumtazama.

Mama alikuwa ameinuka. Alienda polepole mpaka kwa televisheni, akainama, akachungulia pale chini, kwa ile fremu nyeusi ya kioo. Akapitisha vidole hapo, kutoka upande huu mpaka upande ule, kama anayetafuta mahali pa kufungulia. Mama yangu anajua televisheni ni nini. Ana simu, anatuma pesa, anatupigia video. Na bado alichungulia chini ya kioo kumtafuta mtoto wake.

Kaka alianza kulia. Alilia huku bado anabonyeza rimoti, nadhani mikono yake ilikosa kazi nyingine. Picha zikapita. Utepe. Utepe. Nikamwambia azime. Hakunisikia.

Halafu ikatokea picha nyembamba, imesimama wima katikati ya kioo, pembeni kote giza.

"Mayoo!" nilipiga kelele, na nikashika mdomo.

Alikuwa yeye. Mzima. Amekaa kwa nyasi miguu mbele, ndara moja imetoka, mdomo wazi anacheka, na pengo la meno mawili linaonekana mpaka ufizi. Macho yake yalikuwa yanatutazama sisi. Nilikuwa nimesahau lile pengo. Jamani, nilikuwa nimelisahau!

Ni kaka aliyeelewa kwanza, akapangusa pua kwa mkono wa shati.

"Hii ilipigwa na mama wa nyumba ya pili," akasema.

Huyo alikuwa jirani yetu wa zamani, na tulimcheka sana. Kila mtu alishika kamera kwa upana, lakini yeye aliisimamisha wima, na ukienda kuangalia kwa kompyuta, watu wake wote wamelala ubavu. Ndiyo maana kaka aliiambia programu igeuze zile zimelala. Lakini aliipanga vibaya: aliiambia ikate kwanza, ndipo igeuze. Kwa hivyo ilipofika kwa picha ya jirani, ilikuta bado imelala. Ikakata kile ilichodhani ni chini, kumbe kwetu sisi ni upande. Miguu, nyasi, mtoto, vyote vikabaki.

Kilichoenda ni mtu aliyesimama upande huo. Ulikuwa umebaki mkono mmoja wenye bangili, kuanzia kiwiko, umeingia kutoka ukingoni na kutulia juu ya kichwa cha mtoto, vidole viwili vimeshika utepe.

Kaka alitazama ile bangili, akainamisha uso. "Mama, hapa wewe ndio nimekata."

"Mimi si niko hapa?" mama akasema. Hakuyaondoa macho kwa kioo. "Kwani nani ananitafuta? Pelekeni hiyo. Leo."

Tulienda mjini saa ile ile. Njiani nilikuwa bado na hasira, nikihesabu kichwani vile tulikuwa karibu kumkosa kabisa. Kijana wa kuchapisha taili aliifungua picha, akaivuta, akazungushia uso mraba.

"Boss, nitaacha uso tu," akamwambia kaka. "Huu mkono unaharibu. Naukata."

Kaka yangu alimshika kijana wa watu kwa kifundo cha mkono, mausi ya kompyuta ikaanguka.

"Usikate," akasema. "Huyo ni mama yake."