Mahali pa Mdogo Wangu, Mombasa

Mwalimu mmoja niliyekuwa nikimfulia nguo Kitale alikuwa na kitabu cha watalii kuhusu Mombasa. Niliacha shule darasa la saba, wazazi walipofariki na kuniachia wadogo wanne, kwa hiyo Kiingereza chake kilinipita. Nilitazama picha tu: mchanga mweupe, minazi, hoteli yenye bwawa la maji ya buluu. Mdogo wangu anayenifuata alipopiga simu kusema amepata kazi ya hoteli huko, nilimweka ndani ya picha ile.

Kisha kwa miezi minne simu yake haikupatikana. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba hakuna atakayepotea mikononi mwangu. Tulipomaliza kuvuna mahindi kwetu Naitiri, Bungoma, niliwaacha wengine na jirani, nikapanda basi kwenda kumrudisha nyumbani. Nilikuwa na jina la mtaa na la msikiti ulio karibu, basi.

Mombasa niliyoshukia haikuwa na bahari. Ilikuwa na malori, vumbi jeusi, na wanaume wakisukuma mikokoteni ya mitungi ya maji ya kuuza. Hoteli yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati mbele ya nyumba. Kwetu pia kibanda cha chai tunakiita hoteli. Sijui kwa nini sikukumbuka.

"Mama, mimi ni dada ya msichana anayekufanyia kazi," nilimwambia mwenye kibanda, aliyekuwa akikaanga viazi. "Nimetoka Bungoma. Nimekuja kuona mahari."

Nilitaka kusema mahali: anapolala, anapokula. Lakini ulimi wa kwetu hubadilisha l na r bila kuniuliza.

Aliweka mwiko chini. "Mahari! Posa hatujaleta, nyinyi mshafika kwenye mahari? Watu wa bara mna haraka!" Akaita ndani, "Njoo, dadako huyu! Kumbe ushamwambia!"

Mdogo wangu alitoka amejitanda mtandio, mikono ina povu. "Sikumwambia," alisema.

Ndipo nikajua kwa nini simu ilizimwa. Mtoto wa mama yule alitaka kumwoa, naye alikuwa amekubali, pamoja na kuingia dini yao.

"Si ungenieleza tu," nilisema.

"Ungekuja kunichukua."

"Si nimekuja."

"Ndiyo hiyo sasa."

Yule mama alipunguza sauti. "Mwanangu, hatumwibi. Tutakuja kwenu kwa heshima. Lakini haya ni mambo ya wanaume. Waambie wazee wenu."

Niliwafikiria baba zetu wadogo, waliogawana shamba la baba kabla matanga hayajaisha, wakatuachia kipande.

"Mzee wa kwetu ni mimi," nilisema.

Alinitazama, kisha akanivutia kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumwamuru mdogo wangu afunge nguo zake. Badala yake nilimuuliza kama anampenda huyo kijana, au amechoka tu na shida zetu.

Alifuta kwanza povu mikononi. Nilijilazimisha kungoja.

"Yote mawili, dada."

Nilirudi peke yangu. Nilimwambia yule mama alete posa Naitiri, kwangu. Sikumwambia kama nitaikubali.